Monita ya Inchi Ishirini

Tom Obiero alipomwaga unga, ofisi ilimpa barua ya shukrani, mkono wa kwaheri na ruhusa ya kubeba rula yake ndefu ya kuchorea. Miaka yote alikuwa mchora ramani za majengo, mtu wa meza iliyoinama na kalamu ya wino mweusi. Shule, zahanati na nyumba za wenye nazo, kuanzia Kisumu mpaka Bondo, zilipita chini ya mkono wake kabla ya kumwagiwa zege. Kisha wakaja vijana wa kompyuta, na mwaka huo wa 1997 wakubwa wakagundua ghafla kwamba wafanyakazi wamezidi. Cha ajabu ni kwamba waliozidi wote walikuwa wale wa kalamu.

Wenzake waliopunguzwa pamoja naye walitawanyika. Wengine walifungua vioski, wengine wakarudi nyumbani kufuga kuku, na mmoja alikunywa kiinua mgongo chake chote mpaka akabaki na kofia. Tom akasema yeye kuku hafugi. Angenunua kompyuta, afungue ofisi nyumbani kwake mtaani Manyatta, hapo Kisumu, achore ramani kwa mtindo wa siku hizi. Akaenda kujifunza, akakaa dawati moja na vijana ambao angeweza kuwazaa, wakamcheka, naye akacheka pamoja nao huku akiandika kila neno la mwalimu. Hilo tumpe. Tom hakuwa mvivu wala mjinga, na mtu yeyote akikwambia kwamba yaliyompata yalitokana na ujinga, mwambie anyamaze.

Yeye na mkewe Milka walikaa katika ploti ya matofali na paa la mabati, vyumba vimezunguka ua mmoja na bomba la maji katikati. Walikuwa na vyumba viwili vinavyoingiliana, sebule na chumba cha kulala. Watoto walikuwa shule ya bweni. Ng'ambo ya ua, karibu na alipokaa Aoko muuza omena, kulikuwa na chumba kimoja kitupu chenye mlango wake peke yake. Tom akakikodi kiwe ofisi.

Kumbe Milka naye alikuwa amekitolea macho chumba hicho hicho. Mama yake Tom, Selpha, alikuwa nyumbani Uyoma na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Ilikuwa sukari. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba kidonda kioshwe hospitalini Kisumu mara kwa mara bila kukosa, la sivyo mguu ukatwe, na kwa umri wake huenda akilazwa kukatwa mguu asiamke. Kumsafirisha kutoka Uyoma kila mara kusingewezekana. Ilibidi akae mjini kwa mwanawe.

Lakini Mama Selpha alikuwa Mjaluo wa zamani. Chini ya paa moja na kitanda cha mwanawe na mke wa mwanawe asingelala, hata iwe kwa ajili ya mguu, hata iwe kwa ajili ya uhai. Alikuwa tayari kulala kanisani, alikuwa tayari kulala veranda ya hospitali, lakini hapo hapakuwa na mjadala.

"Hiyo nyumba ya ng'ambo ni ya Mama, Baba Adero," Milka alimwambia Tom.

"Na mimi nitafanyia kazi wapi? Bafuni?"

"Wewe fanya kazi mchana, yeye alale usiku. Kwani computer inataka kitanda?"

Tom akakubali, na alikubali kwa moyo mweupe. Mama huyo alimsomesha kwa kukaanga samaki kando ya barabara, uso kwenye moshi mwaka nenda mwaka rudi, na Tom alimpenda kwa namna ambayo wanaume wa umri wake huona haya kuitaja. Alichokitaka mwaka huo kuliko kazi, kuliko jina, kuliko kuwaonyesha wale wakubwa kwamba walikosea, ni mama yake abaki na mguu wake na uhai wake. Kompyuta ilikuwa njia tu ya kumfikisha hapo.

Akaenda mjini kwa Ephantus Kangethe. Kangethe alikuja Kisumu kutoka Murang'a miaka ya themanini akiuza redio na pasi, na sasa duka lake lilikuwa limejaa kompyuta zilizotumika zilizokuja kwa kontena. Alikuwa mfanyabiashara, lakini hakuwa mtu wa kukuuzia kitu ukirudi kesho ukilia. Aliweka monita mbili juu ya kaunta, moja ndogo, nyingine kubwa kama kreti mbili za soda.

"Bei ni moja, Bwana Tom, kwa hivyo mimi sina maneno," alisema. "Hii ndogo ni mpya. Inakula stima kidogo, haina joto, ukifinya button inawaka, ukifinya tena inazima. Hii kubwa imetoka ng'ambo, ilikuwa ya ma-engineer. Picha yake ni safi, siwezi kukudanganya. Lakini button imekufa. Fundi wangu ameiunga direct, na waya yake inatoka kwa computer yenyewe. Computer ikiwaka, nayo imewaka. Na iko na joto kama jiko."

Tom aliomba afunguliwe mchoro mmoja katika zote mbili. Kwenye ile ndogo, nyumba ilikuja vipande vipande. Ukiona mlango umepoteza dirisha, ukitafuta dirisha umepoteza choo. Kwenye ile ya inchi ishirini nyumba nzima ilisimama mbele yake, kuta, ngazi na paa, mistari myembamba imetulia kama alivyozoea kuiona kwenye karatasi. Tangu aondoke kwenye meza yake ya kuchorea hakuwa ameona kitu kizuri namna hiyo. Alikodoa macho, akasogea, akarudi nyuma, akaweka mkono kiunoni. Kangethe aliyaona hayo na akajua kazi imekwisha.

"Chukua ndogo," alisema hata hivyo.

"Macho yangu yamezeeka, Kangethe. Nitachukua kubwa."

Wanaume wamepoteza akili kwa vitu vibaya zaidi ya hicho, na sitamlaumu. Macho yalikuwa yake, na kazi ilikuwa ya kutumia macho.

Akachukua na sanduku la kompyuta lenyewe, nalo pia lilikuwa na tabia zake. Kangethe alimweleza kwamba ikizimwa ikapoa, kuiamsha ni kubembelezana. "Ukiwa na kazi ya haraka, usiizime. Wacha tu." Akachukua na kile chombo cha kutuliza umeme, na printa iliyokuwa ikilia kama mlango mkavu. Meza akachongewa na mafundi wa jua kali, mbao nene, maana monita ile ingevunja meza ya kawaida. Kiti alitoka nacho sebuleni, Milka akanuna siku mbili.

Ukabaki usalama. Manyatta haikuwa mahali pa kuacha kitu cha namna ile nyuma ya mlango wa mbao. Tom, kwa kuwa alikuwa mtu wa majengo, alitengeneza jambo hilo kitaalamu. Alichora mwenyewe mlango wa chuma, fundi wa soko la Kibuye akauchomelea, fremu ikafungwa ndani ya ukuta kwa saruji. Nje una kufuli, ndani una komeo nene ambalo hata yeye alilisukuma kwa mikono miwili. Dirishani akaweka nondo zilizosongamana hivi kwamba paka angepita kwa shida. Majirani walikuja kutazama.

"Hata benki haina mlango kama hii," Aoko alisema, na Tom akafurahi. Alikuwa ameuchora vizuri, na hajasifiwa siku nyingi.

Mama Selpha akaletwa mwanzo wa Oktoba, amefungwa mguu kwa kitambaa cheupe, mkononi ana blanketi lake jekundu alilokataa kuliacha Uyoma. Kitanda chembamba kiliwekwa upande mmoja wa ofisi, meza upande wa pili. Asubuhi Milka alimpeleka hospitalini kuoshwa kidonda kabla hajaenda kuuza vitenge vyake Kibuye, na mchana Tom alifanya kazi huku mama yake ameketi kitandani, mguu juu ya kigoda, akitazama mistari ikijichora.

"Nyumba ya nani hiyo, wuoda?" alimuuliza. Siku zote alimwita hivyo, mwanangu, kwa Kijaluo.

"Ni shule, Mama. Ya Bondo. Hapa ni darasa, hapa ni darasa, hapa ni ofisi ya mwalimu mkuu."

"Na jikoni?"

"Hawakusema wanataka jikoni."

"Watoto watakula nini? Chaki?"

Tom akacheka, kisha akafikiri, kisha akaongeza jikoni. Kamati ya shule ilipoiona ikafurahi kuliko ilivyofurahia madarasa. Hizo ndizo zilikuwa siku zake njema, na alijua ni njema wakati ule ule, jambo ambalo si wengi hulijua. Kidonda nacho kilianza kutii. Muuguzi alimwonyesha Milka nyama mpya, nyekundu na safi, ikipanda kutoka chini. Alisema wakiendelea hivyo, Krismasi mama atatembea.

Kisha mvua ikaanza. Wote tunaikumbuka mvua ile, iliyoitwa El Nino, iliyobeba madaraja na mashamba kana kwamba yalikuwa yake. Kisumu kuna ngurumo hata mwaka wa kawaida. Wingu hupanda kutoka ziwani mchana, saa za chai linapasuka, na radi hukata huku na huku. Na katika pwani nzima ya ziwa hilo watu hufanya jambo moja ngurumo zikianza. Hufunika vioo. Karai linalong'aa hupinduliwa, sinia hutolewa nje ya macho, kioo cha ukutani hugeuzwa au kutupiwa shuka, kwa sababu radi hupenda kinachong'aa. Milka, na kidato chake cha nne, alifunika. Aoko alifunika. Tom mwenyewe aligeuza kile kioo chake kidogo cha kunyolea ndevu, ingawa ungemuuliza angekwambia kilianguka.

Siku ya ngurumo ya kwanza, Tom alizima mashine yake upesi, akachomoa waya ukutani kama alivyofundishwa. Mama Selpha alikuwa amekwisha kugeuza sinia la chai. Akainua macho akakutana na inchi ishirini za kioo kitupu, kikubwa kuliko vioo vyote vya ploti vikiunganishwa, kimeelekea dirishani.

"Wuoda, na hii?"

"Hiyo nimezima, Mama."

"Sijauliza kama umezima. Inang'aa."

Akanyanyuka kwa kuchechemea, akachukua blanketi lake jekundu, akalitupa juu ya monita, akalishusha pande zote na kulichomeka chini kwa vidole kama anavyofunikwa mtoto aliyelala. Tom akatabasamu. Hata vumbi halitaingia, alijisemea. Na mtu mzima aliye na adabu zake atamwambiaje mama yake, mgonjwa, ambaye amesimama kwa mguu mmoja kumlindia mali yake, kwamba anafanya upuuzi?

Hapo ndipo hasira yangu husimama kila ninapoifikia habari hii. Sina hasira naye. Hasira yangu ni kwamba hapakuwa na mtu chumbani aliyetenda baya. Neno moja tu lilitakiwa, kwamba kitu hiki kikizimwa ni kitu kingine, na kikiwaka ni kingine kabisa. Tom alilijua neno hilo. Hakulisema kwa sababu halikuwa na haja siku hiyo. Alilomwambia mama yake, na alimwambia zaidi ya mara moja, ni lile la waya na swichi, kwamba asiziguse kamwe, zisije zikamrusha. Naye aliogopa stima tangu zamani, akaahidi kwa dhati.

Mvua ikaendelea kila mchana, naye akaendelea kuzima, na mama akaendelea kufunika. Kisha ile mashine ikaanza vituko vyake. Ikizimwa jioni, asubuhi haiamki. Jumatano moja ilikataa mpaka adhuhuri, Tom ameloa jasho, kamati ya Bondo inataka ramani Ijumaa. Alhamisi ilipokubali kuwaka, alikula kiapo kwamba haitazimwa tena mpaka ramani itoke.

Mchana wa Alhamisi wino wa printa ukaisha. Milka alikuwa Kibuye. Mama alikuwa ametoka hospitalini, amekunywa dawa zake, na dawa zilikuwa zikimvuta usingizini. Tom alivaa viatu.

"Mama, naenda mjini nitarudi sasa hivi. Hii mashine nimeiacha inawaka. Usizime, kazi ya watu itapotea."

"Nitazimaje kitu sikijui?"

"Na ufunge mlango na ndani. Siku hizi wezi wanaingia hata mchana."

"Nenda, wuoda. Nunua na sukari ya hawa wengine, mimi nitakunywa yangu hivyo hivyo."

Alisikia komeo likisukumwa, likikwama, likisukumwa tena mpaka likaingia. Akaenda.

Mvua ilimkuta dukani kwa Kangethe, nayo ilikuwa mvua ya kutosikilizana. Maji yalijaa barabarani, watu wakasimama kwenye veranda wakikunja suruali, na ngurumo zikapiga upande wa Manyatta moja baada ya nyingine. Tom hakuwa na hili wala lile. Alijisemea stima imekwisha kupotea huko na kazi yake nayo imepotea, akaudhika. Siku zote wingu la kwanza likikohoa, Manyatta huingia gizani. Siku hiyo, kwa ubaya wake, stima haikupotea.

Kangethe alimpa chai. Juu ya meza ya fundi kulikuwa na monita iliyofunguliwa, ndogo kuliko yake, mgongo wake umeyeyuka na kuingia ndani, na inanuka.

"Hiyo ilipigwa na radi?" Tom aliuliza.

"Wapi! Ni kitambaa," Kangethe alisema. "Bibi ya mtu ameshona kitambaa mzuri, ya maua, akafunika juu ndio ipendeze. Haya matundu ya juu ndio pua yake, Bwana Tom. Ukiziba na imewaka, inajipika yenyewe. Hiyo ndogo imeyeyuka tu. Ingekuwa kama ile yako ingechoma nyumba."

Tom alimtazama Kangethe. Akaitazama mvua. Kikombe kilimponyoka, naye hakukisikia kikivunjika.

Alikimbia. Boda boda mmoja alimkatalia, wa pili hakumngoja amkatalie. Alikimbia katikati ya barabara, maji yanamfika kwenye shavu la mguu, kiatu kimoja kikabaki Kondele, na njia nzima alisema neno moja tu, Mama, kwa sauti, kama mtoto aliyeamka peke yake nyumbani. Watu waliokinga mvua kwenye vibanda walimwona wakadhani ni kichaa au ni mwizi, lakini kwa mvua ile hakuna aliyejisumbua kumfuata.

Yaliyotokea ploti alisimuliwa baadaye na Aoko, ambaye hadi leo hawezi kusimulia akiwa ameketi. Mabati yalikuwa yakipigiwa kelele na mvua, mtu hakuweza kumsikia aliye ubavuni mwake. Aoko aliona moshi ukitoka juu ya ukuta, akafikiri ni mvuke, kwa maana mabati yenye joto yakinyeshewa hutoa mvuke. Alipouona mweusi ndipo akatoka na kugonga. Alipiga mlango ule kwa ngumi, kisha kwa jiwe. Ndani Mama Selpha alijibu.

"Nakuja," alisema. "Ni mguu."

Wanaume wa ploti walikuja na nondo, na sururu, na benchi la mbao. Walivunja kioo cha dirisha, moshi ukawatokea usoni, wakamwaga ndoo kwa ndoo kupitia zile nondo zilizosongamana. Mlango ulikataa. Ulikuwa umechorwa na mtu anayejua kazi yake, na ulifanya kazi yake. Mwishowe ni ukuta uliochoka. Walibomoa matofali kando ya fremu, na Tom alifika wakati huo, akayavuta yaliyobaki kwa mikono yake mpaka kucha zikatoka.

Mama alikuwa nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Alikuwa ameshalivuta nusu. Moto haukumfikia, ni moshi tu, moshi wa plastiki na wa godoro, na uso wake ulikuwa mtulivu kuliko ulivyostahili kuwa. Kule mezani monita ilikuwa imeanguka ndani yake yenyewe, nyeusi, na juu yake yameganda mabaki ya blanketi. Upande mmoja wa chini, ambao moto haukuupata, ulikuwa bado umechomekwa vizuri. Tom alimbeba mama yake akamtoa nje kwenye mvua ya uani, akakaa naye chini pale bombani, na hakuna aliyethubutu kumwambia amlaze. Milka aliporudi kutoka Kibuye na mzigo kichwani aliwakuta hivyo.

Kangethe alikuja kesho yake kuwapa pole. Alilia, mtu mzima, mbele ya watu. Alilichukua sanduku la kompyuta, akalikausha, na baada ya siku mbili akatuma neno kwamba ramani ya Bondo ingalimo ndani, nzima, haikupotea hata mstari. Tom alipoambiwa hivyo alitoka nje akaenda kuketi pale bombani.

Mazishi yalikuwa Uyoma. Na kabla jeneza halijafika, habari ilikuwa imefika, nayo ilikuwa imekwisha kujipanga. Mvua, ngurumo, moto ndani ya nyumba, mama mzee amekutwa amekufa na hana jeraha. Kila aliyesikia alijua hiyo ni nini. Waombolezaji waliingia boma wakisema radi, wakatoka wakisema radi. Ilikuwa faraja, ukiitazama. Radi haina mwana wa kulaumiwa. Mchungaji naye alikuwa amepata aya zake.

Asubuhi ya kuzika, Tom alimwita kaka yake pembeni, nyuma ya nyumba ya mama. Absalom ndiye kifungua mimba, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na ndiye angesema kwa niaba ya familia.

"Omera, ndugu yangu," Tom alisema, "usiwaambie watu ni radi."

Akamweleza. Alimweleza yote, monita ndogo na monita kubwa, kitufe kilichokufa, blanketi, na lile neno ambalo hakulisema, na lile alilolisema. Alimweleza mlango. Hakujipunguzia hata kidogo, na sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma vipimo. Absalom alisikiliza ameinamisha kichwa, akichora mchanga kwa ncha ya kiatu.

"Wewe ulimwambia asizime," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Akafunika kwa sababu ya radi."

"Ndiyo."

"Basi ni radi."

"Omera, hakuna radi iliyopiga pale. Nakwambia ni mimi."

Absalom aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu, na Tom, aliyekuwa amejiandaa kwa hasira, hakuona hasira. Angeona hasira ingemsaidia.

"Tom. Hapo nje kuna dada zetu. Kuna watoto wako. Kuna bibi yako aliyekuwa akimwosha Mama mguu. Wote wamelala usiku wa jana kwa sababu ya hiyo radi. Unataka niwaamshe niwape nini?" Akajipangusa pua kwa kiganja. "Mimi leo nazika mama aliyechukuliwa na radi. Wewe kama una mwingine, mzike. Lakini utamzika kimya, na utamzika peke yako."

Akamwacha hapo, akaenda mbele ya watu, akavua kofia. Alisema vizuri. Alisema mama yao alimwogopa Mungu na akamlea kila aliyekanyaga boma lake, kwamba alikwenda mjini kutafuta uzima na mbingu ikamchukua huko huko, kwa dakika moja, bila maumivu. Watu wakaitikia amina. Dada zake Tom waliposikia bila maumivu walishikana mikono, na mmoja wao akatikisa kichwa kwa shukrani.

Milka alimtazama mumewe kutoka upande wa pili wa kaburi. Yeye alijua. Tom alifungua kinywa, na kwa muda mfupi Milka alidhani atasema, akasogea hatua moja kumfuata asiwe peke yake. Lakini Tom alikuwa anavuta pumzi tu. Zamu yake ilipofika aliinama, akachota udongo kwa mkono uliofungwa bendeji, akautupa, kisha akasogea kando ili aliyekuwa nyuma yake apate nafasi.